Mama Alitaka Kitabu Chote

Kaka yangu mdogo alirudi kijijini kwetu Mushaki kwa likizo ya chuo, amekonda, ndevu zake za kwanza zimeota upande mmoja zaidi ya mwingine, na jioni hiyohiyo akakataa kuombea chakula. Kwetu aliye mdogo kuliko wote mezani ndiye huombea. Ilikuwa kazi yake tangu alipojua kusema. Mama alikuwa amekwisha kufumba macho, na mimi vilevile, na bugali na sombe ya majani ya mihogo vilikuwa katikati yetu vikitoa mvuke.

"Mama," alisema, "mi siwezi tena kusemesha muntu mwenye haiko."

Mama hakufumbua macho. Aliomba mwenyewe. "Mungu, aksanti kwa chakula, na aksanti kwa huyu mutoto, amefika muzima." Akafumbua macho, akamega bugali. "Mukule, sombe inapoa."

Tulikula. Mimi sikuonja chochote, nilikuwa nangoja radi. Mama ni mwanamke aliyeamka saa kumi na moja kila siku ya maisha yake kuomba kabla ya kushika jembe, na sauti yake katika kwaya ya kina mama husikika hadi barabarani. Lakini radi haikupiga. Alipomaliza kunawa mikono aliuliza tu, kama mtu anayeuliza bei ya mbegu:

"Nani alikufundisha ile maneno?"

Kaka alikwenda chumbani akarudi na kitabu. Kilikuwa kinene, jalada la bluu limechunika kwenye pembe kwa kupita mikono mingi ya wanafunzi. Kilikuwa cha Kifaransa. Mwandishi wake alikuwa mtu wa Ulaya aliyejipa kazi ya kuonyesha, kwa sura kumi na nane, kwamba Mungu hayuko na hajawahi kuwako. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akakipima uzito.

"Inasema nini?"

"Inasema Mungu ni kitu batu balijitengenezea."

"Balimutengeneza namna gani?"

Kaka alianza kueleza. Kila alipofika mahali pagumu alihamia Kifaransa, na Mama, ambaye shule yake iliishia mwaka wa pili wa msingi, alibaki kumtazama mdomo. Mwishowe akasema, "Ukirudi Goma, utaniachia hii kitabu."

"Mama, iko ya Kifaransa."

"Na dada yako tulimutuma kwa masomo juu ya nini?"

Hivyo ndivyo kitabu kile kilivyokuwa kazi yangu. Nilikuwa mwalimu wa mwaka wa tano katika shule ya msingi, na nyumba yetu, mimi na mume wangu, ilikuwa mita chache kutoka kwa Mama. Nilikubali kwa kichwa, moyo ukikataa. Lazima niseme ukweli: sikumwogopea Mama. Nilijiogopea mimi. Kila Ijumaa nilifundisha somo la dini, na kila mwaka kulikuwa na mtoto mmoja aliyeuliza swali ambalo nililipitia juu juu na kuwaambia wafungue daftari. Maswali yale niliyaficha mahali fulani ndani yangu, na sasa Mama alitaka nisome kwa sauti kitabu kizima kilichojaa hayo.

Tulianza Jumapili baada ya ibada, katika barza ya Mama, chumba chake cha kupokea wageni. Yeye alimenya viazi vya kizungu, mimi nilisoma fungu moja la Kifaransa, kisha nikaligeuza katika Kiswahili chetu. Sura ya kwanza ilisema kwamba imani ilizaliwa na woga. Watu wa zamani waliogopa ngurumo na ukame, wakabuni mzee wa mbinguni wa kumbembeleza.

Mama alisikiliza hadi mwisho wa fungu. "Ni kweli radi inatisha," alisema. "Mwaka ule iliua ng'ombe tatu kwa kilima, nililala chini ya kitanda. Lakini huyu Papa hakulimaka. Mimi namushukuruka Mungu zaidi siku ya kuvuna, jua inawaka, viazi viko vinene, tumbo imeshiba. Ile siku naogopa nini?" Kwetu kila mwanamume mzima ni Papa, hata mwandishi wa Ulaya. Akachukua kiazi kingine. "Endelea."

Wakati huo mlango ulikuwa wazi. Jirani yetu, shemasi wa kanisa, mzee mwenye ng'ombe wachache na kofia pana ya manyoya ambayo haivui hata jua likiwa utosini, alikuwa akileta maziwa kama kila Jumapili. Alinisikia, kwa sauti yangu ileile ya darasani, nikisema kwamba Mungu ni mtoto wa woga. Aliweka kidumu chini polepole.

"Mwalimu, unasema nini?"

"Si mimi, Papa. Ni kitabu."

"Na kitabu inatoka wapi?"

Mama alimweleza yote bila kuficha, hata habari ya kaka na chakula. Shemasi alisikiliza huku akitazama mlango wa jikoni, ambako moto ulikuwa unawaka chini ya sufuria.

"Mama, moto iko pale," alisema kwa upole. "Ni kazi ya dakika moja."

"Tukichoma, mutoto akirudi atasema tuliogopa," Mama alijibu. "Na tutakuwa tumeogopa kweli. Keti, Papa, kunywa chai."

Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kwa mchungaji.

Mchungaji alikuja Jumanne, mvua ikinyesha, mabuti yake ya plastiki yamejaa udongo mwekundu. Alikuwa kijana kuliko shemasi, mrefu, mwenye kawaida ya kusugua shingo akiwa na wasiwasi. Shemasi alimfuata nyuma. Mimi nilikuwa nimejitayarisha kwa hotuba. Mchungaji aliomba tu akione kitabu, akakifungua katikati, akasoma kimya. Tulisikia mvua juu ya mabati. Akageuza ukurasa. Akageuza mwingine. Shemasi alikohoa.

"Kwa shule ya Biblia," mchungaji alisema mwishowe, "walitukatazaka kusoma vitabu kama hii. Walitupa majibu tu. Mi niko na majibu mingi sana, lakini maswali yenyewe sikuiona hata siku moja." Alimgeukia Mama. "Munasomaka siku gani?"

"Siku ya Mungu, kisha kanisa."

"Nitakuya."

Shemasi alisema kwamba naye atakuja, kwa ajili ya kulinda. Na kweli Jumapili iliyofuata alileta kiti chake mwenyewe, akakiweka nje karibu na kizingiti, akaketi akitugeuzia mgongo, uso wake barabarani. Alitaka Mungu aone wazi kwamba yeye hakuwa ndani. Lakini masikio hayana mgongo. Kufikia sura ya pili alikuwa anaguna. Kufikia sura ya tatu, mwandishi aliposema kwamba wanyama wote walibadilika wenyewe kidogo kidogo bila mkono wa yeyote, shemasi aligeuza kiti.

"Eko na ng'ombe, huyu?" aliuliza.

"Sijui, Papa."

"Haina. Mwenye ng'ombe anajua ng'ombe inabadilikaka. Babu yangu alichagua dume, akachagua jike, leo ziko na maziwa kuliko zile za zamani. Mi siogopi hiyo. Lakini babu alikuwako. Alikuwa anachagua." Kisha, baada ya kufikiri: "Soma tena pale, polepole."

Nilisoma tena. Alisikiliza akiwa ameinama, viwiko juu ya magoti, na mwisho akasema kwamba mwandishi alikuwa na akili nyingi na kwamba yeye shemasi bado hajamjibu, ila amemsikia. Mchungaji alinitazama, tukajizuia kucheka. Kuanzia siku hiyo kiti kilikaa ndani.

Sura ya nne ilimlenga mchungaji mwenyewe. Ilisema kwamba viongozi wa dini huwafunza watu wasiulize, kwa sababu mtu anayeuliza ni mgumu kuongozwa. Nilipomaliza kutafsiri niliona mchungaji anasugua shingo. Shemasi alianza kumtetea, akisema mchungaji wetu analima kama sisi. Mchungaji alimsimamisha kwa mkono.

"Acha, Papa. Hapa amenigusa. Mwaka jana binti moja aliniuliza juu ya nini Mungu aliacha shetani aingie kwa bustani. Nilimwambia maswali kama hiyo inaletaka roho mubaya. Hakurudia kuniuliza kitu. Na kwa kanisa hakurudia sana."

Jumapili iliyofuata, baada ya mahubiri, alifanya jambo ambalo halijawahi kufanywa Mushaki. Alishuka kutoka mimbarini, akasimama kati ya mabenchi, akasema kwamba yeyote mwenye swali lolote aulize, na kama hana jibu atasema hana. Kisha nyanya mmoja wa benchi la nyuma, ambaye tulidhani hasikii vizuri, alinyanyuka kwa kushika bega la jirani yake.

"Mimi niko na swali," alisema. "Juu ya nini mahubiri inakuwaka murefu hivi?"

Kanisa zima lilicheka, na mchungaji akacheka kuliko wote. Alijibu kwamba hajui, na kwamba atajaribu. Alijaribu kweli, kwa wiki tatu. Lakini baada ya kicheko kile watu walilegea, na maswali mengine yakaanza kutoka, ya kweli, ya wivu na ya ndoa na ya wafu. Yule binti hakuwapo siku hiyo. Mchungaji alimfuata nyumbani kwao kumwomba msamaha.

Sasa nifike sura ya saba.

Nilikuwa nimeisoma mbele usiku wa kuamkia Jumapili, kama nilivyofanya kwa kila sura ili nisikwame. Ilihusu mateso ya watoto. Kati yangu na kaka yangu alizaliwa msichana ambaye alikufa kwa surua akiwa na miaka minne. Mama hamtaji mara nyingi. Kuna kurasa mbili katika sura ile ambapo mwandishi anaeleza mtoto mgonjwa akitafuta pumzi, na anauliza Mungu alikuwa na kazi gani nyingine ya haraka saa ile. Niliamua kuziruka. Nilijiambia ni heshima.

Jumapili ile tulikuwa sisi wanne kama kawaida. Nilisoma vizuri, na nilipofika mahali penyewe nikageuza karatasi mbili pamoja na kuendelea.

"Umegeuza mbili," Mama alisema.

Hakuinua kichwa kutoka kwenye ungo wa maharage. Mtu asiyejua kusoma kitabu anajua kukisikiliza. Kwa wiki zote zile alikuwa anasikia karatasi moja moja.

"Mama, ile si ya muhimu."

"Mwanangu, mi nilisema nataka kitabu yote. Kama unanichagulia, basi ni wewe unaandika, si yeye."

Nilirudi nyuma nikasoma. Kifaransa kilikuwa rahisi, Kiswahili ndicho kilichokuwa kigumu, kwa sababu kila neno nililotaka kulitumia lilikuwa neno lililotumika nyumbani kwetu siku ile. Nilimaliza nikilia. Shemasi alivua kofia yake, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba ana upara. Mchungaji alisugua shingo.

"Mimi sina jibu ya hii," alisema.

"Hata mi sina," Mama alisema. Mikono yake iliendelea kuchambua maharage, mabaya huku, mazuri kule. "Hii swali mi niliiuliza Mungu zamani, mbele huyu Papa aandike. Nilimuuliza kwa nguvu sana. Nilimwambia maneno mubaya, maneno ya kumutukana."

"Alikujibu?" shemasi aliuliza.

"Hapana." Alifikiri. "Batu ba kilio balikula, balilia, kisha balirudi kwabo. Yeye alibakia. Sijui nitakuelezea namna gani. Hakusema kitu, lakini alibakia." Halafu akanigeukia: "Huyu muandishi alizikaka mutoto?"

"Kitabu hakisemi."

"Analia kama muntu alizika."

Kuanzia siku ile Mama alianza kumwombea. Hakujua kutamka jina lake, kwa hiyo alimwita "yule Papa wa kitabu." Nilimsikia alfajiri kupitia ukuta wa mbao nilipolala kwake: aliombea mvua, akaombea kaka Goma, akaombea goti lake la kushoto, akamwombea Papa wa kitabu, kwamba kama alizika apate faraja, na kama hakuzika basi abarikiwe kwa kuwahurumia waliozika. Kusema kweli, baada ya sura ya saba mimi nililala vizuri kuliko miezi yote iliyotangulia. Nilikuwa nimefikiri kwamba swali lile likisemwa kwa sauti ndani ya nyumba yetu, paa litaanguka. Lilisemwa, na tukala maharage yale jioni.

Tulikuwa tumebakiza sura tano wakati hali ya barabara ilipobadilika, vita vikikaribia, na watu wa Mushaki wakaanza kushuka kuelekea mji wa Sake. Hayo kwetu si habari mpya. Kila nyumba inajua kufunga mzigo wake. Mama alifunga nguo na mbegu, na kitabu alikitia ndani ya sufuria kubwa, juu ya maharage, akafunga kifuniko kwa kitambaa. Mume wangu alibeba godoro na randa zake za useremala. Njiani shemasi, ambaye alikuwa ameacha ng'ombe wake kwa mpwa wake na alikuwa anatembea kama mtu aliyepoteza kitu, aliona Mama amechoka, akamtua sufuria ile akaibeba kichwani juu ya kofia.

Karibu na Mubambiro, mbele kidogo ya Sake, kulikuwa na kizuizi, na askari walikuwa wanaangalia mizigo. Mmoja alifungua sufuria.

"Hii nini?"

"Maharagi," shemasi alijibu. "Na kitabu."

"Kitabu gani?"

Shemasi hajawahi kudanganya, hata pale inapofaa. "Iko kitabu ya muntu mwenye haamini Mungu."

Askari alifungua kurasa chache, akamtazama mzee yule mwenye msalaba mdogo wa mbao shingoni. "Na wewe uko nani?"

"Mushemasi."

"Mushemasi anabeba kitabu ya kupinga Mungu ndani ya maharagi."

"Tumefika sura ya kumi na tatu," shemasi alieleza. "Hatuwezi kuiacha katikati. Ule muntu hajamaliza kusema."

Askari alimwita mwenzake aje asikie, wakacheka wote wawili, wakafunga sufuria vizuri kabisa, wakatupitisha. Siku ile watu walikuwa hawacheki, na mimi nilikwenda kilomita nzima nikicheka peke yangu kila nilipotazama sufuria ile mbele yangu ikipanda na kushuka.

Tulikaa majuma saba katika ukumbi wa kanisa moja la huko, familia nyingi, mikeka kwa mikeka. Jumapili ya kwanza shemasi ndiye aliyekuja kuniamsha usingizini mchana. "Mwalimu, kitabu iko wapi?" Tukasoma pale, na watu ambao hatukuwajua wakasogeza mikeka yao karibu. Kurasa zilikuwa zimeshika harufu ya moshi na maharage. Tuliporudi Mushaki na kukuta viazi vimechimbwa na wengine lakini nyumba zimesimama, tulikuwa tumebakiza sura moja tu, na tuliimaliza katika barza ileile.

Kaka alirudi likizo iliyofuata. Mama alikuwa amemngojea kama mtu anayengojea shahidi. Hakumwacha hata avue viatu.

"Ile sura ya kumi na moja," alimwambia, "pale anasema muntu mwema hahitaji Mungu. Mi nakubaliana naye nusu. Batu bema bako bengi benye habaombake. Lakini nusu ingine sikubali. Wewe unasema nini?"

Kaka alinitazama.

"Na ile ya kumi na tano," shemasi alidakia, maana naye alikuwa amekuja kwa ajili hiyo, "iko inapingana na ya tatu. Mi nilimukamata pale. Uniambie kama niko na haki."

Kaka alivua kiatu kimoja, polepole, akakitazama. "Mi nilifika sura ya tano," alisema.

Hapo nikaelewa kwa nini kurasa za mbele zilikuwa zimechakaa na zile za nyuma zilikuwa safi tulipozifikia. Kila mwanafunzi aliyekiazima kule Goma, nadhani, aliacha imani yake kwenye ukurasa wa sabini na kurudisha kitabu. Mama hakumcheka. Shemasi alijaribu kutocheka, akashindwa, akatoka nje kuangalia ng'ombe ambao hawakuwako. Kisha kaka mwenyewe akaanza, na tukacheka sote hadi mume wangu akatoka karakana yake kuuliza kuna nini.

Likizo ile tulikirudia kitabu, na safari hii msomaji alikuwa kaka. Alitafsiri vizuri kuliko mimi. Sura ya saba aliisoma bila kuruka neno, huku Mama ameketi kando yake. Baadaye walitoka wawili wakaenda kwenye kilima ambako dada yetu amezikwa, na sijui walisema nini huko. Kaka hakurudi katika kwaya aliyoimba zamani. Aliniambia tu, tukiwa tunachota maji, "Dada, mi nilifikiri nimeacha Mungu ya Mama. Kumbe ile nilikuwa nimeacha, Mama mwenyewe hakuijuaka." Nilimuuliza sasa anaamini nini. Alisema hajui, na alisema bila hasira, na kwangu hilo lilitosha.

Baba mkwe wangu alitukuta katika usomaji huo wa pili. Yeye ni mtu wa Kibua, Walikale, mkulima wa msituni na mwindaji, Mkristo aliyebatizwa tangu utotoni, ambaye bado, kabla ya kuingia msituni na mitego, huketi kimya karibu na makaburi ya babu zake na kuwataja mmoja mmoja. Alikuja kuona wajukuu, watoto wetu, akaketi na sisi Jumapili mbili, akasikia sura inayosema kwamba dini za mababu na dini za wamisionari ni ndoto mbili za mtu mmoja. Alipoondoka aliomba aazimwe kitabu. Mama alisita siku nzima, kisha akakifunga katika karatasi ya plastiki, akampa.

Baada ya miezi kadhaa alimpigia mume wangu simu. "Muje," alisema. "Kitabu yenu inaleta makelele."

Tulikwenda kwa pikipiki tatu, Mama, kaka aliyekuwa likizo tena, mume wangu na mimi, tukapita Masisi, tukalala njiani, kisha tukateremka kuelekea msitu, kutoka baridi yetu hadi joto linalokushika shingo. Mama hakuwa amewahi kufika Walikale. Alishika kiuno cha dereva kwa mikono miwili na kuimba safari nzima, nadhani ili asitazame madaraja.

Baba mkwe alitupokea akiwa anacheka tayari, na alitueleza kabla hatujapata maji ya kunywa. Vijana wa kanisa lake walikuwa wamepata kitabu kile nyumbani kwake wakafurahi sana. Walimsomea hadharani mahali ambapo mwandishi anasema kuwataja wafu ni ujinga. Walimwambia, Papa, unaona, hata wazungu wenye akili wanasema uache ile desturi.

"Nikawaambia, aksanti wanangu. Sasa mugeuze ukurasa." Alijifuta macho. "Wakageuza. Ukurasa ile ingine ilisema vile vile juu ya ubatizo wao. Wakanyamaza kabisa. Njo maana sasa wanataka tukae, tusome yote, kutoka mwanzo."

Kesho yake tulikaa chini ya paa la majani la kanisa lao, watu labda arobaini, na nilisoma hadi sauti ikakauka, kaka akanipokea. Mabishano yalikuwa mengi. Vijana walimuuliza baba mkwe kama anawaabudu mababu, akajibu kwamba hapana, anawasalimu tu, na kwamba anayepita kaburi la baba yake bila salamu hatamsalimu Mungu pia. Wengine walikubali, wengine walitikisa kichwa, na mzee mmoja wa kanisa alisema hilo linahitaji kuombewa na kufikiriwa, yote mawili. Walimuuliza kaka anaamini nini. Alisema bado anatafuta, na akakiri kwamba mara ya kwanza aliishia sura ya tano. Baba mkwe akamsogezea sahani ya uyoga na samaki wa moshi, akamwambia atafute akiwa ameshiba.

Kuelekea jioni mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha mtoto wake nyuma ya kikundi aliinua mkono.

"Mi nauliza kitu moja. Hii kitabu ni ya papa. Vile vya kumutetea Mungu, vyenye muchungaji alitupa, ni vya bapapa. Hakuna mama mwenye aliandika ya kwake, ya kukubali ao ya kukataa?"

Kaka, aliyesoma zaidi yetu sote, alisema lazima wako, ila yeye hajasoma hata mmoja.

"Basi ukifika Goma uangalie," yule mama alimwambia. "Na usome yote kwanza, mbele ya kuituma."

Watu wakacheka. Kaka alitoa kalamu, akaandika kwenye kiganja chake. Mama alisogea kwenye benchi kumpa yule mama nafasi, wakaanza kuulizana habari za mihogo na viazi, kipi kinashibisha zaidi, na juu ya hilo nao hawakukubaliana.